Mlango wa bibi: uung'oe uupeleke stoo au uuache pale pale uufunike?

Wiki iliyopita kanipigia dada mmoja, wana nyumba ya urithi Kiponda, mtaa wa Mji Mkongwe Zanzibar, ndugu wanne, paa linavuja na boriti za ghorofa ya juu zimeanza kulala, wamechangishana pesa za matengenezo na fundi hajaleta hata ngazi wao washaanza kugombana. Kaka mkubwa anataka kila cha zamani kitoke, mlango wa nakshi ung'olewe, vioo vya rangi vitolewe, makasha na kitanda cha bibi vivushwe Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, kwa shemeji, kazi ikiisha ndo virudi. Dada anasema kitu cha nyumba hii kikishatoka hakirudi, kifunikwe pale pale na mafundi waambiwe wawe na adabu. "Sasa fundi, hebu tuamulie, nani yuko sawa?"

Wote wako sawa na wote wanakosea, inategemea unazungumzia kitu gani. Nilimwambia nitamuandikia, nilivyoanza nikaona hili swali naulizwa kila mwaka masika yakikaribia, basi bora niandike kirefu mara moja kwa yeyote mwenye nyumba ya mawe. Mie si mtu wa makumbusho, ni msimamizi wa saiti tu, nimekula vumbi la chokaa Mji Mkongwe na kidogo Lamu, kwahiyo nasema kile nilichokiona na kile nilichokiharibu mwenyewe.

Tuelewane kwanza tunalinganisha nini

Kufunika maana yake kitu kinabaki kwenye ukuta wake au sakafu yake, unakijengea boksi au pazia, kazi inaendelea kukizunguka. Kung'oa maana yake kinatoka kabisa kwenye nyumba, kimepigwa picha, kimeandikwa namba, kinakaa kwengine mpaka kazi iishe. Kuna cha tatu ambacho watu wanakifanya sana na mie sikihesabu, nacho ni kutoa kitu chumba kinachojengwa ukakisogeza chumba cha pili cha nyumba ile ile ukasema kimehifadhiwa. Beit el-Ajaib mnaikumbuka, jumba la Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, la 1883, lilinusurika mizinga ya Waingereza 1896, alafu 25 Desemba 2020 likiwa ndani ya matengenezo upande mzima ukaporomoka na watu wawili wakafariki. Nyumba ya mawe ikishaamua kuondoka haiulizi chumba kipi kinajengwa na kipi kimefanywa stoo, kuta zinabebana.

Na wenzetu wenye pesa nao yamewakuta. Kanisa la Notre-Dame la Paris lilikuwa kwenye matengenezo mwaka 2019, Aprili 11 wakateremsha sanamu 16 za shaba zilizokuwa kwenye mnara wake mrefu ziende kusafishwa, Aprili 15 moto ukala paa na mnara ule ule ukaanguka. Siku nne! Kinanda kikubwa cha kanisa, chenye mabomba kama 8,000, kilibaki ndani, hakikuungua ila kilijaa vumbi la madini ya risasi kutoka kwenye paa, ikabidi kifunguliwe kisafishwe chote. Kaka mkubwa akifika hapa atafurahi, ataona ushahidi huo. Asubiri kidogo tufike kwenye mlango.

Mlango

Hapa ndo ugomvi wote ulipo. Mlango wa nakshi ni vitu viwili na watu wanavichanganya. Kuna fremu, yani miimo miwili, kizingiti cha chini, na ule ubao wa juu wenye nakshi nzito ambao mara nyengine una aya na mwaka. Alafu kuna mbawa mbili zinazofunguka, na mfaa katikati, ule mti wa wima unaofunika pale mbawa zinapokutana. Mbawa hazikai kwenye bawaba kama mlango wa chumbani kwako, zinazunguka kwenye vijiti vyake vilivyoingia kwenye tundu juu na chini. Fremu yenyewe haikuja baadae ikapachikwa, ukuta ulijengwa ukaikumbatia. Ukiing'oa unaondoa kitu ambacho mawe ya pembeni na ya juu yameshazoea kukiegemea zaidi ya miaka mia, hata kama nyuma yake zipo boriti zinazobeba.

Sasa hoja ya kaka. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe mlango wa mbele ndo njia pekee, kifusi chote kitapita hapo, mikokoteni, ndoo, mirunda, mabati, na kila kijana anayebeba ubao mrefu atakata kona na ncha ya nyuma itagonga nakshi. Hii si hofu ya bure, nimeona ua la nakshi limenyofoka siku ya kwanza ya kazi saa tatu asubuhi. Na misumari ya shaba ile mikubwa inapotea moja moja, hata hujui nani kaichukua. Mlango ukiwa mbali yote haya hayapo.

Hoja ya dada nitaieleza kwa kisa changu. Miaka ya nyuma nilikubali kung'oa mlango mzima, fremu na mbawa, mwenye nyumba alitaka na mie sikubisha vya kutosha. Watu sita, siku mbili, tukautoa vizuri bila mkwaruzo nikajiona fundi kweli kweli. Ukaenda kukaa kwenye banda la mabati, umesimama wima juu ya sakafu ya simenti, umefungwa nailoni gubigubi kila upande manake tulidhani ndo kuuheshimu. Kazi ya miezi minne ikawa miezi kumi na nne, pesa ziliisha katikati, mnajua mambo ya ujenzi. Tulipokata nailoni harufu ikatangulia kutuambia. Kuvu mpaka ndani ya nakshi, na mwimo mmoja, ambao kumbe zamani ulishaungwa chini kwa mbao ya kawaida isiyokuwa msaji, mchwa washaula shubiri nzima. Na hata hapo hatujafika kwenye ubaya wenyewe, tundu tuliloliacha ukutani na mirunda yetu miwili lilishasogea, fremu iliyotoka pale haikuingia tena pale. Tukaichonga. Yani nimesimama nashika taa fundi seremala anapunguza kwa patasi fremu ya watu waliokufa zamani ili itoshe kwenye ukuta tuliouharibu sisi. Mpaka leo nikipita mtaa ule nageuza uso.

Kwahiyo mie kwenye mlango siko kwa kaka wala kwa dada. Mbawa zitoke, fremu ibaki. Mbawa ndo zinazogongwa na ndo zinazotoka bila kuumiza ukuta, fremu ndo inayouma ikitoka. Mbawa zinatolewa na seremala anayejua milango hii, sio fundi wa madirisha ya alumini, kila kipande kinapewa namba kwa lebo ya kitambaa iliyofungwa na uzi, usiandike kwa kalamu juu ya mti na usibandike gundi. Mfaa unabaki na ubawa wake. Tumbuu, komeo na misumari iliyolegea vinaingia kwenye mfuko wake wenye namba ile ile.

Fremu iliyobaki inajengewa boksi la plaiwudi, na hapa kuna kosa moja linafanywa na karibu kila mtu, nalo ni kupigilia boksi kwenye fremu yenyewe. Ndugu yangu, umetoboa kile unachokilinda! Boksi linasimama kwa miguu yake, mbao za mbili kwa mbili, linabanwa baina ya sakafu na ukuta kwa kabari, na kati ya plaiwudi na nakshi pawe na nafasi kama ya kiganja ili mkokoteni ukigonga plaiwudi itikisike bila kufika kwenye ua. Kizingiti cha chini kinawekewa kitambaa, alafu viroba vya mchanga pande mbili, alafu ubao mnene juu kama daraja. Boksi likishakamilika unaweka mlango wa mbao za kazi wenye kufuli, usiku watu walale.

Lini fremu nayo itoke? Pale tu ukuta wenyewe unapobomolewa kujengwa upya, au umeegemea kiasi kwamba hakuna mhandisi anayeukubali. Ning'iniza timazi, ule uzi wenye uzito nchani, uone ukuta unakwenda wapi. Kama juu ya mlango kuna ufa, bandika kipande chembamba cha kioo kivuke ufa, kishike kwa plasta kila upande, andika tarehe. Kioo kikipasuka ukuta unatembea na hapo ongea na mhandisi kabla hujaongea na seremala. Na kwa Mji Mkongwe usiguse mlango wowote kabla hujafika Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, ipo tangu 1985, na mji wenyewe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, kwahiyo mlango ni wa bibi yako lakini si wa bibi yako peke yake.

Nakshi za ukutani na zidaka

Hapa sina maneno mengi, dada kashinda. Zile nakshi za chokaa, na zidaka, yani vishubaka vya ukutani, za nyumba za Lamu ambazo zimepanda ukuta mzima kama sega la nyuki, zilichongwa chokaa ikiwa bado mbichi pale pale ukutani. Hazikuja kama fremu ya picha. Hakuna kuzing'oa, kuna kuzikata tu, na ukizikata umebaki na vigae vya chokaa ndani ya kiroba. Nimewahi kuulizwa kama inawezekana kukata ukuta na mawe yake yote ukauhamisha, jibu langu lilikuwa kicheko.

Kinachoua nakshi za chokaa wakati wa kazi si nyundo ya kugonga juu yake, ni nyundo ya upande wa pili. Fundi anachimba njia ya waya wa umeme chumba cha jirani kwa jeki hama, ukuta mzima unatetema, na plasta ambayo ilishaachana na jiwe ndani kwa ndani inashuka. Kabla ya kazi pita ugonge gonge kwa kifundo cha kidole, taratibu, panapolia kama ngoma plasta imeshaachia jiwe, weka alama kwenye picha sio ukutani. Sehemu zile zinategemezwa, ubao mpana wenye godoro jembamba la sponji na kitambaa cha pamba juu yake, umesogezwa uguse tu bila kusukuma, umeshikwa na mirunda. Na ukuta huo hauguswi na mashine pande zote mbili, tindo na nyundo ya mkono basi, taratibu. Fundi akikuambia atachelewa mwambie achelewe.

Kitu kimoja kuhusu simenti, najua si mada lakini siwezi kunyamaza. Mtu anafunika nakshi vizuri kabisa kwa plaiwudi alafu chini yake anapiga plasta ya simenti kwa sababu ukuta unatoka chumvi. Mawe yetu ya matumbawe yana chumvi, ukuta unavuta maji kutoka chini, chokaa inaacha maji yatoke kama jasho, simenti inayafungia. Yakishafungiwa yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na juu ndo kwenye nakshi zako. Miaka miwili mitatu baadae nakshi zinamomonyoka kama sukari na mwenye nyumba anasema ni uzee. Chokaa inachelewa kukauka, kweli, na inataka ilowekwe wiki nyingi kwenye pipa kabla ya kuitumia, lakini hio ndo iliyojenga nyumba.

Boriti, mawe na kifusi

Watu hawahesabu boriti kama kitu cha kale kwa sababu ni mti tu wa mikoko, ila angalia vyumba vyetu vilivyo vyembamba, kama mita mbili na nusu hadi tatu, sababu ni urefu wa boriti. Nyumba imechukua kipimo chake kutoka kwake. Na kwenye nyumba za zamani za Lamu boriti zilipakwa rangi, nyekundu na nyeusi, ukisugua masizi unaziona.

Kwenye boriti swali linageuka kidogo, huulizi itoke au ibaki, unauliza iliyotoka inakwenda wapi. Kwa kawaida boriti inaoza ncha, pale ilipoingia ukutani, katikati bado chuma. Fundi wa haraka anaitupa anaagiza korija nzima mpya, 20, na mwenye nyumba anaona kafanya la maana. Lakini boriti ya mita tatu ukikata ncha mbovu inabaki ya mita mbili na zaidi, inatosha ukumbini au juu ya choo ambapo ni pembamba. Kwahiyo boriti nzima zibaki pale pale, zitegemezwe kwa mirunda kazi ikipita, zilizooza ncha zitoke, zilazwe mlalo juu ya magogo, chini ya kivuli, hewa ipite kati yake. Usiziegemeze ukutani, zitapinda.

Kifusi nacho usikiache kitoke kabla hakijachambuliwa. Chokaa ya zamani ikichungwa inarudi kwenye plasta kama mchanga, mawe yanarudi ukutani. Na ndani ya kifusi nimeshapata sarafu za zamani, vipande vya sahani za Kichina za rangi ya buluu, shanga, na mara moja barua iliyokunjwa ndogo kama hirizi, labda ilikuwa hirizi kweli, sikuifungua nikampa mwenye nyumba. Weka kijana mmoja na chekeche mlangoni. Gharama yake ni ndogo kuliko unavyodhani.

Vioo vya rangi

Hapa kaka anashinda. Kioo cha rangi juu ya dirisha kikivunjika hupati rangi ile tena, utaleta cha dukani kitang'aa kama peremende. Kikibaki ukutani mtetemo unakipasua hata kama umekifunika mara tatu. Toa fremu ya kioo nzima, usitoe kioo kwenye fremu, simamisha wima kwenye kreti la mbao lenye sponji, usilaze kamwe, kioo kilicholala kinapasuka kwa uzito wake na wa mwenzake. Zahanati ya Kale pale barabara ya Mizingani, ile ya Tharia Topan iliyotengenezwa miaka ya 1990 na mfuko wa Aga Khan, nenda kaangalie roshani zake na vioo vyake ujue kinachowezekana mtu akiwa na subira. Tofauti yako na wao ni pesa, lakini kreti la mbao si pesa nyingi.

Kama fremu ya dirisha nayo imeoza imeshikamana na ukuta, basi acha, weka plaiwudi nje na ndani bila kugusa, na hakuna mashine upande ule.

Makasha, vitanda, picha na makaratasi

Vitoke vyote na vitoke mapema, hata sibishani. Makaratasi hasa, hati ya nyumba, barua, misahafu ya wazee, hivyo vinatoka siku ya kwanza hata kabla ya kuhesabu boriti. Tatizo la hivi vitu halipo kwenye kutoka, lipo kwenye kurudi. Kasha lililokwenda kwa shemeji kwa miezi sita linageuka meza ya tivii, mwaka wa pili limepigwa vanishi ya duka linang'aa kama gari, mwaka wa tatu shemeji anasema alipewa. Kwahiyo dada hakukosea kabisa kuogopa. Piga picha kila upande, ndani na chini pia, weka rula kwenye picha ionekane ukubwa, alafu zitume kwenye grupu la WhatsApp la ndugu wote wanne siku ile ile kitu kinapotoka, na anayepokea aandike "nimepokea" mbele ya wote. Haitamfurahisha lakini kasha litarudi.

Ufunike na nini

Nailoni ni rahisi, iko kila duka la Darajani, na ndo adui. Kwenye hewa yetu ukikifunga kitu na nailoni usiku kinatoa jasho, asubuhi kuna matone ndani, baada ya wiki kuna kuvu. Nailoni ina kazi moja tu, maji kutoka juu, nayo iwekwe kama mwavuli, imening'inia mbali na kitu, chini wazi.

Kinachogusa kitu kiwe kitambaa cha pamba, marekani ile nyeupe isiyotiwa rangi, iliyofuliwa. Blanketi la zamani linafaa kama halina rangi inayotoka. Magunia ya katani yanafaa sakafuni, sio kwenye nakshi, nyuzi zinanasa. Turubai zito nalipenda kwa nje ya boksi tu. Plaiwudi inazuia kugongwa lakini peke yake inasaga, punje moja ya mchanga ikiingia kati ya plaiwudi na sakafu ya marumaru watu wakapita juu wiki mbili, ukifunua unakuta mchoro wa mviringo mtu kama amechora na bikari. Kwahiyo fagia, kitambaa, gunia, ndo plaiwudi.

Na chochote ulichokifunika kifunuliwe kila wiki. Mie nafanya Ijumaa asubuhi kabla ya sala, mafundi wanajua, nusu saa tunapita tunafungua tunanusa, pua inajua kuvu kabla ya macho, tunaangalia njia za mchwa, tunafunga. Kilichofunikwa kisipofunuliwa hakina tofauti na kilichotupwa.

Stoo gani

Kama unang'oa basi stoo ndo nusu ya uamuzi, na hapo ndo mpango wa kaka mkubwa unavuja. Kontena wanalipenda kwa sababu lina kufuli na halipitishi panya, lakini mchana ni tanuri na usiku linatoa jasho, mti wa zamani hauvumilii hivyo. Chumba chenye kiyoyozi watu wanadhani ndo cha kisasa, sasa mlango ulioishi miaka yote kwenye hewa ya chumvi na unyevu ukiukausha ghafla unapasuka, na ukiurudisha unavimba. Banda la mabati nimeshawaeleza lilinifanya nini. Bora chumba cha kawaida cha nyumba ya mawe ya jirani au jamaa, ghorofa ya kwanza kama inawezekana, dirisha linalofunguka, vitu vimenyanyuliwa juu ya magogo au matofali na ubao, shubiri moja kutoka sakafuni na shubiri moja kutoka ukutani ili ukipita uone mchwa akianza kujenga. Ufunguo kwa watu wawili tofauti.

Na uliza muda. Mafundi wakikuambia miezi mitatu wewe hesabu sita. Kama stoo yako haiwezi kulinda kitu kwa mara mbili ya muda ulioambiwa, basi kufunika pale pale kunaanza kushinda hata kwa vitu ambavyo ningesema ving'olewe.

Moto na maji

Kuna hali mbili ambazo zinanibadilisha mawazo hata kwenye vitu ninavyopenda vibaki. Ya kwanza moto. Uingereza kuna jumba linaitwa Uppark, 1989 lilikuwa linakaribia kumalizwa kutengenezwa paa, mafundi walikuwa wanaunganisha risasi ya paa kwa moto wa gesi, jumba likawaka. Vitu vingi viliokolewa kwa watu kuunga mstari na kuvitoa kwa mikono huku moto unashuka. Sisi hatuna paa za risasi lakini tuna grainda, kijana anakata mabati juu ya boriti kavu za miaka mia cheche zinaingia kwenye nyufa hakuna anayeziona. Kama kuna kukata au kuchomea juu ya chumba, vya mti vinavyoweza kutoka chumba hicho vitoke, ndoo za maji na mchanga ziwe juu sio chini, kazi ya moto isimamishwe angalau saa moja kabla ya watu kuondoka na mtu mmoja abaki anaangalia. Bora zaidi mabati yakatwe chini uwanjani. Nimegombana na mafundi kwa hili na nitagombana tena.

Ya pili maji. Paa likifunguliwa mwezi wa nne hakuna boksi wala nailoni itakayokusaidia, maji ya masika yanapita ndani ya ukuta wenyewe yanatokea nyuma ya nakshi. Fungua paa kiangazi baada ya masika, maliza kabla ya vuli, na ukifungua fungua kipande kipande. Kama fundi anataka kuanza Machi, hata sijali unang'oa au unafunika, mwambie aje Juni.

Basi kwa nyumba ya Kiponda nimewaandikia hivi. Makasha, kitanda na makaratasi vitoke wiki hii, na vioo vya juu vinne vitoke na fremu zake, lakini haviendi Ng'ambo, vinakwenda kwa shangazi yao Mkunazini ambako kuna chumba cha ghorofa kinachopata upepo. Mbawa za mlango zinawafuata, fremu inabaki na boksi lake. Nakshi ya sebuleni inabaki na ukuta wake hauguswi na mashine, njia ya umeme itapita upande wa ngazi. Boriti tumehesabu pamoja, kumi na saba zina ncha mbovu, nne tu ndo za kutupa. Kaka kanuna kidogo kuhusu shemeji, dada kanuna kidogo kuhusu vioo, kioo cha alama tumekibandika kwenye ufa wa juu ya mlango tukaandika tarehe, na paa halifunguliwi mpaka mvua ziishe.